Punje za Sataranji: Historia ya Namba Moja Kubwa na Suala la Lugha Kuitaja

Miongoni mwa hoja zinazotolewa dhidi ya kufundisha hisabati kwa lugha za Kiafrika, iko moja ambayo ni nyepesi kuitamka na ambayo kwa sababu hiyo hurudiwa mara nyingi. Hudaiwa kwamba lugha hizi hazina majina ya namba kubwa. Kiswahili chenyewe, husemwa, kiliazima sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, kikaazima makumi yote kuanzia ishirini, kikaazima mia na elfu, kisha kikachukua laki kutoka lugha za Bara Hindi na milioni kutoka Ulaya. Kutokana na ukweli huo hutolewa hukumu isiyotokana nao, yaani kwamba lugha isiyo na jina la asili kwa idadi fulani haiwezi kuwa chombo cha kuifikiria idadi hiyo.

Makala haya yanaichunguza hukumu hiyo kwa kufuata historia ya namba moja tu. Namba yenyewe ni 18,446,744,073,709,551,615. Ina tarakimu 20, na kwa majina yanayotumika leo husomwa kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, elfu 551, mia sita na kumi na tano. Imepita katika mikono ya Wahindi, Waajemi, Waarabu, Wafaransa na wengineo, na sifa zake nyingi zilijulikana na watu ambao hawakuwa na neno hata moja la kuitaja. Namna walivyoijua bila ya kuwa na jina lake ndiyo kiini cha uchunguzi huu.

1. Hadithi ya ubao

Neno sataranji ni ushahidi wa safari ya mchezo huo. Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu, Kiarabu kutoka Kiajemi, na Kiajemi kutoka Kisanskriti, ambamo lilikuwa na maana ya jeshi lenye vikosi vinne. Pamoja na mchezo ilisafiri hadithi ya mtu aliyeubuni. Ibn Khallikan, kadhi wa Damascus aliyeishi kuanzia 1211 hadi 1282, aliitia hadithi hiyo katika kamusi yake ya wasifu wa watu mashuhuri, mahali anapomtaja al-Suli, bingwa wa sataranji wa karne ya kumi. Anamwita mbunifu huyo Sissa mwana wa Dahir. Mfalme alipomtaka achague zawadi, Sissa aliomba punje moja ya ngano kwa chumba cha kwanza cha ubao, mbili kwa cha pili, nne kwa cha tatu, nane kwa cha nne, na kuendelea hivyo kwa kurudufisha hadi chumba cha 64. Mfalme aliona ombi hilo ni la mtu asiyejua thamani ya fadhila za wafalme. Watunza ghala walipopiga hesabu wakamjulisha kwamba ngano yote iliyokuwa katika milki yake isingetosha.

Hadithi hii haina haja ya kuaminiwa kama tukio la kihistoria. Lililo la kweli ndani yake ni hesabu. Jumla ya punje zote ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe hadi kipeo cha 64, kisha ikapunguzwa moja. Kwa alama, 2⁶⁴ − 1. Punje 25 za ngano zikikadiriwa kuwa na uzito wa gramu moja, punje hizo zingekuwa na uzito wa tani bilioni 738 hivi. Mavuno ya ngano ya dunia nzima katika miaka ya mwanzo ya 2020 yalikuwa karibu na tani milioni 800 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, deni la mfalme lingelipwa kwa mavuno ya dunia nzima ya zaidi ya miaka 900.

2. Al-Biruni na chumba cha 65

Mtu ambaye hesabu yake ya namba hii imehifadhika kwa ukamilifu ni Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarazm, kusini ya Ziwa Aral. Katika kitabu chake juu ya kalenda na nyakati za mataifa ya kale, alichokitunga karibu na mwaka 1000, alieleza njia ya kuifikia jumla hiyo bila kurudufisha mara 63. Njia yake ina kanuni mbili.

Kanuni ya kwanza ni kwamba namba ya chumba chochote ikizidishwa kwa yenyewe hutoa namba ya chumba kingine, kilicho mbali na hicho kwa kadiri ile ile ambayo hicho kiko mbali na chumba cha kwanza. Chumba cha tano kina punje 16. Mraba wa 16 ni 256, nayo ndiyo namba ya chumba cha tisa. Mraba wa 256 ni 65,536, namba ya chumba cha 17. Mraba wa hiyo ni 4,294,967,296, namba ya chumba cha 33. Mraba wa hiyo tena ungekuwa namba ya chumba cha 65, ambacho hakimo katika ubao. Hapo ndipo inapoingia kanuni ya pili: namba ya chumba chochote ikipunguzwa moja huwa sawa na jumla ya vyumba vyote vilivyokitangulia. Basi chumba cha 65, ijapokuwa hakipo, ndicho kinachotoa jumla ya vyumba 64 vilivyopo. Mahesabu 63 yakageuka kuwa manne, kuanzia 16, na kutoa moja mwishoni.

Yafaa kuangalia lugha iliyotumika katika kazi hiyo. Al-Biruni aliandika kwa Kiarabu, nacho Kiarabu cha wakati wake hakikuwa na jina la namba iliyozidi elfu. Kilichozidi hapo kilitajwa kwa kukariri: elfu ya elfu, elfu ya elfu ya elfu. Yeye mwenyewe aliliona jambo hilo. Katika kitabu chake juu ya Bara Hindi, alichokimaliza karibu na mwaka 1030, alieleza kwamba aliyachunguza majina ya namba katika lugha za watu aliokutana nao, akaona kwamba mataifa husimama kwenye elfu, Waarabu wakiwamo, na akalihesabu jambo hilo kuwa ndilo sahihi na la kimaumbile. Waliovuka mpaka huo ni Wahindi, ambao walikuwa na majina ya daraja 18 za namba, wakiyapanua kwa sababu za dini yao. Al-Biruni hakuyaonea wivu majina hayo. Alichokichukua kutoka kwao ni tarakimu, pamoja na sifuri yake, kwa kuwa tarakimu humwezesha mtu kuandika idadi yoyote bila ya kuipa jina.

Liko jambo jingine linalopasa kutajwa. Lugha ya kuzaliwa ya al-Biruni haikuwa Kiarabu bali Kikhwarazm. Katika uzee wake, alipokuwa akiandika kitabu cha dawa, alisema kwamba elimu ikitiwa katika lugha hiyo ingeonekana kama ngamia aliyepanda juu ya mfereji wa paa. Maneno hayo yanafanana sana na yale yanayosemwa leo juu ya lugha za Kiafrika, na yalitoka kinywani mwa mtu ambaye hakuna wa kumtilia shaka katika elimu. Lakini lugha aliyoisifu na lugha aliyoidharau hazikutofautiana kwa wingi wa majina ya namba, maana hata ile aliyoisifu ilisimama kwenye elfu. Zilitofautiana kwa kuwa katika moja palikuwa na vitabu, istilahi na wasomaji, na katika nyingine havikuwapo. Hiyo ni tofauti ya historia, si ya maumbile ya lugha.

3. Mhasibu wa Iskandaria

Ibn Khallikan anakiri kwamba awali hakuamini kuwa hesabu ya Sissa ingefikia ukubwa uliosimuliwa, mpaka alipokutana na mhasibu mmoja wa Iskandaria, nchini Misri, aliyemwonyesha jambo hilo kwa karatasi. Njia ya mhasibu huyo ni tofauti kabisa na ya al-Biruni, nayo inastahili kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa lugha.

Mhasibu alirudufisha hadi chumba cha 16 akapata punje 32,768. Alizichukua punje hizo kuwa ni kadaha moja, kipimo kidogo cha nafaka cha Misri. Tangu hapo hakuhesabu punje tena bali kadaha. Katika chumba cha 20 zilikuwa zimetimia kadaha 16, ambazo ni waiba moja. Akaanza kuhesabu waiba, kisha ardabu, ambayo kila moja ni waiba sita. Alipofika chumba cha 40 idadi ya ardabu ilizidi 174,000, akaifanya yote kuwa ghala moja. Katika chumba cha 50 zilikuwa ghala 1,024, akazifanya kuwa mji mmoja. Chumba cha 64 kikaangukia miji 16,384, yote imejaa ghala na ghala zote zimejaa ngano. Kisha akauliza ni wapi duniani ilipo miji mingi kiasi hicho.

Mtu huyu alikuwa na maneno ya sokoni tu. Kila idadi ilipokaribia kuushinda ulimi, aliifunga katika kipimo kikubwa zaidi na kuanza kuhesabu upya kutoka moja. Hakulazimika kutamka namba yoyote iliyozidi malaki, na hata hivyo aliufikisha ukubwa wa namba yenye tarakimu 20 katika akili ya kadhi ambaye hakuwa mwanahisabati. Katika hali hiyo alifuata njia iliyokwisha kutumiwa na Archimedes karne ya tatu kabla ya Kristo, pale alipokadiria chembe za mchanga ambazo zingeweza kuujaza ulimwengu. Jina kubwa kabisa la namba katika Kiyunani lilikuwa la 10,000. Archimedes alizifunga elfu kumi za elfu kumi kuwa daraja moja, akaifanya kuwa kizio kipya, na kuendelea mpaka akavuka mahitaji yote ya mchanga.

4. Fermat, Euler na vigawo vya namba

Hadi hapa kilichotafutwa ni ukubwa wa namba. Karne ya 17 ilileta swali la aina nyingine, nalo ni swali la muundo wake: namba hii imeundwa na namba zipi?

Wanafunzi wa algebra wanajua kwamba tofauti ya miraba miwili ni sawa na jumla ya mizizi yake mara tofauti ya mizizi hiyo. Kwa kuwa 2⁶⁴ ni mraba wa 2³², na 1 ni mraba wa 1, namba ya sataranji ni zao la 2³² + 1 na 2³² − 1. Hiyo ya pili nayo huvunjika kwa njia ile ile, na kuendelea hadi mwisho. Matokeo yake ni haya: namba ya sataranji ni zao la 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Kila moja ya namba hizo sita imezidi kwa moja tu namba ya chumba fulani cha ubao: cha pili, cha tatu, cha tano, cha tisa, cha 17 na cha 33. Vinne vya mwisho ni vile vile alivyovipitia al-Biruni.

Namba hizo sita ndizo alizozishughulikia Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa. Katika barua za mwaka 1640 alieleza imani yake kwamba namba zote za mfuatano huo ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Tano za kwanza ni tasa kwa hakika. Ya sita ilikuwa kubwa mno kujaribiwa kwa urahisi, na Fermat alifariki mwaka 1665 bila ya kuthibitisha dai lake. Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler akimuuliza habari ya dai hilo. Mwaka 1732, akiwa katika Akademia ya St Petersburg na mwenye umri wa miaka 25, Euler alionyesha kwamba 4,294,967,297 ni zao la 641 na 6,700,417. Imani ya Fermat ikaanguka.

Baadaye Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kizidi kwa moja kigawe cha 64. Kwa sharti hilo, namba tasa za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577 na 641 tu, na ya tano ndiyo inayogawanya. Lakini hata majaribio hayo matano si ya lazima, maana ukweli huo unaweza kuonekana kwa mistari michache. Namba 641 ni jumla ya 5⁴ na 2⁴, yaani 625 na 16. Kwa hiyo inaigawanya jumla hiyo ikizidishwa kwa 2²⁸, nayo ni 5⁴ × 2²⁸ + 2³². Vile vile 641 ni 5 × 2⁷ ikiongezwa moja. Kwa hiyo, kwa kanuni ile ile ya tofauti ya miraba, inaigawanya 5⁴ × 2²⁸ − 1. Namba inayogawanya namba mbili huigawanya tofauti yao pia, na tofauti ya hizi mbili ni 2³² + 1. Basi 641 inaigawanya 4,294,967,297, na hakuna tarakimu iliyohitaji kuandikwa kwa ukamilifu.

Hivyo vigawo tasa vya namba ya sataranji ni saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417, kila kimoja mara moja. Vitano miongoni mwao, yaani namba tasa za Fermat, vilipata heshima ya pekee mwaka 1801, Carl Friedrich Gauss alipoonyesha katika kitabu chake kikuu cha nadharia ya namba kwamba umbo lenye pande sawa 17, au 257, au 65,537 linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Hadi leo haijapatikana namba tasa ya sita ya aina hiyo.

Euler aliandika matokeo yake kwa Kilatini, lugha ambayo wakati huo haikuwa lugha ya mama ya mtu yeyote. Kilatini cha Warumi nacho kilisimama kwenye elfu. Kutaja milioni, Mrumi alilazimika kusema mia elfu mara kumi. Neno milioni lilizaliwa Italia katika zama za kati, na majina ya bilioni na trilioni yanaonekana katika mswada wa Mfaransa Nicolas Chuquet wa mwaka 1484, ambao haukupigwa chapa hadi karne ya 19. Hata majina hayo hayakukubaliwa kwa maana moja. Bilioni ya Chuquet ilikuwa milioni ya milioni, na Uingereza iliishikilia maana hiyo mpaka mwaka 1974, serikali yake ilipoamua kufuata bilioni ya Wamarekani, ambayo ni elfu ya milioni. Kwa hiyo katika karne ya 20 wasemaji wa lugha moja, Kiingereza, walikuwa wakitamka jina moja na kumaanisha idadi mbili zinazozidiana mara elfu, na hakuna aliyedai kwamba kwa sababu hiyo lugha yao haifai kufundishia hisabati.

5. Namba na Kiswahili

Madai ya umaskini wa Kiswahili yanapasa sasa kutazamwa upya. Kwanza, si kweli kwamba palipo na neno la mkopo hapakuwa na neno la asili. Kabla ya sita, saba na tisa kushika nafasi, palikuwa na tandatu, fungate na kenda, na fungate lingali linaishi kama jina la siku saba za harusi. Washairi wa zamani walikuwa na kikwi kwa maana ya elfu. Luganda, lugha ya jamaa moja na Kiswahili, ina omutwalo kwa 10,000, neno ambalo pia maana yake ni mzigo, na ina akakadde kwa milioni. Muganda aliifunga idadi katika mzigo kama mhasibu wa Iskandaria alivyoifunga katika ghala.

Pili, kurudufisha kwenyewe si jambo geni pwani ya Afrika Mashariki. Vibaba viwili vilikuwa kisaga, na visaga viwili vilikuwa pishi. Muuzaji wa nafaka wa Lamu au Unguja alipanda daraja hizo kila siku, akibadili kizio kila kilipojaa, na hakuhitaji kufundishwa maana ya kipeo cha pili ili aifanyie kazi.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, historia ya namba ya sataranji inaonyesha kwamba kazi ya hisabati haifanywi na majina ya idadi. Inafanywa na maneno ya uhusiano: zidisha, gawanya, jumla, tofauti, mraba, kipeo, kigawo, kigawe. Maneno hayo Kiswahili kinayo. Baada ya mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, yaliingia katika vitabu na midomo ya watoto pamoja na namba shufwa, namba witiri na namba tasa. Uthibitisho wa kwamba 641 inaigawanya namba ya sita ya Fermat umeandikwa hapo juu kwa maneno hayo, na hakuna hatua yake hata moja iliyokwama kwa kukosa neno.

Hii haina maana kwamba istilahi zote hazina dosari. Chukua namba tasa. Mtu au mnyama tasa ni yule asiyezaa. Jina hilo lilichaguliwa kwa kuwa namba ya aina hiyo haina vigawo vya kutoka ndani yake. Lakini ukweli wa msingi wa nadharia ya namba ni kwamba namba zote kuanzia mbili ama ni tasa zenyewe au ni mazao ya namba tasa. Zile saba zilizotajwa hapo juu ndizo zilizoizaa namba ya sataranji, na bila ya hizo namba nyingine zote zisingekuwapo. Kwa hiyo mwanafunzi huambiwa kwamba wazazi wa namba zote ni tasa. Kitendawili hiki kinaweza kumpotosha, au mwalimu akikiweka wazi kinaweza kumsaidia kukumbuka. Kwa vyovyote vile, mjadala wa aina hii ndio unaowafaa wanalugha na wanahisabati kukaa pamoja na kuufanya, kuliko kuhesabu maneno ya mkopo.

6. Hitimisho

Namba ya sataranji haikukoma kutumika baada ya Euler. Mwaka 1883 Mfaransa Edouard Lucas alitoa mchezo wa kuhamisha visahani kutoka mti mmoja hadi mwingine. Kwa visahani 64 hatua zinazohitajika ni idadi ile ile ya punje za Sissa, na mtu akihamisha kimoja kila sekunde atahitaji zaidi ya miaka bilioni 580. Siku hizi ndiyo namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa katika nafasi moja ya kompyuta ya biti 64, na hivyo hupitiwa kila sekunde na mashine zisizojua jina la kitu chochote.

Tangu Khwarazm hadi St Petersburg, wote walioijua namba hii vizuri walifanya hivyo kwa lugha ambazo majina yake ya asili yaliishia kwenye elfu au karibu na hapo. Walichokuwa nacho ni kanuni zilizosemwa wazi, alama zilizokubaliwa, na watu wa kusomeana. Kati ya mambo hayo matatu Kiswahili kinayo mawili ya kwanza tayari. La tatu haliletwi na kamusi. Litaletwa na shule, na vitabu, na majarida, na wale watakaokubali kuandika hisabati kwa lugha hii hata pale ambapo wengine watawaona kuwa ni ngamia juu ya paa.